Punda Aliyejua Njia ya Nyumbani

Jirani yangu hapa Chang'ombe huunguza ugali karibu kila jioni. Si kwamba hajui kupika. Ni simu tu. Anasonga huku anachati, na ugali hausubiri mtu amalize kucheka. Harufu ya ukoko ikipenya dirishani kwangu, watu wengine waliolelewa kijijini wangetabasamu wakawakumbuka bibi zao. Mimi hupandwa na hasira. Hufunga dirisha hata kama joto halivumiliki, nikakaa kitandani nimekunja mikono kama mtu aliyetukanwa. Juzi shoga yangu alinikuta katika hali hiyo, akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni harufu. Akacheka. "Ukoko nao unamkera mtu?" Unakera. Ukoko ndio niliomfundishia punda wetu kuwaamini watu.

Kwetu ni upande wa Haneti, ndani kidogo ukiiacha barabara, mahali ambapo miezi mingi ya mwaka maji ni kitu cha kuchimba. Mvua zikiisha, korongo linabaki mchanga mtupu, na akina mama wanachimba shimo mpaka maji yachungulie, wanayachota kwa kibuyu kidogo kidogo huku foleni ya madumu ikisubiri juani. Sisi tuliokua wakati kijiji kizima kinachaji simu kwenye duka moja lenye sola tunaijua habari hiyo. Mtoto wa kike akishaweza kujitwisha dumu dogo, michezo imeisha, anaanza kuwa mtu wa kisimani. Mimi nilipata nafuu kwa sababu baba alileta punda.

Baba yangu alikuwa dalali wa mifugo. Mnadani alikuwa na maneno matamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Angeweza kumsifia ng'ombe mgonjwa mpaka mwenyewe ng'ombe ajione ana nguvu. Nyumbani alikuwa na maneno machache. Alikuwa akirudi, anakula, anawasha redio, analala. Sikumbuki aliwahi kunipiga, wala sikumbuki aliwahi kuniuliza swali. Nilikuwa nampenda vile mtoto anavyompenda mtu anayempita mlangoni kila siku, kwa kumtazama mgongo.

Jioni moja alirudi akimburuta punda jike kwa kamba, anamsukuma kwa matusi. Punda mwenyewe alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, sikio moja limechanika, na mgongoni ana kidonda kinachonuka. Alikuwa na ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatizwa na mwingine mabegani, kama msalaba. Nilipomwona na kijivu chake na cheupe chake na msalaba wake, niliwakumbuka masista waliokuwa wakija zahanati kutoa chanjo. Nikamwita Sista. Mama alisema nitapata dhambi, halafu yeye mwenyewe akawa wa kwanza kumwita hivyo.

Siku za mwanzo Sista hakutaka mtu. Ukiinua mkono kujikuna tu, yeye anakaza mwili wote na kufumba macho, anasubiri fimbo. Kumwekea madumu ilikuwa vita. Watu wa kisimani walinishauri nimpige chini ya tumbo, nimkunje mkia, nimpige tena. Nilikuwa darasa la tano, mwembamba, na fimbo yangu kwake ilikuwa sawa na inzi. Siku moja alilala na mizigo katikati ya njia, nikapiga mpaka nikachoka, nikakaa chini pembeni yake nikalia. Nilipokuwa nalia akanyoosha shingo, akaanza kuniramba mkono. Aliramba jasho. Akaramba mpaka kiwiko, kwa makini, kama mama anayekomba chungu. Nilielewa anataka chumvi.

Kesho yake nilikwenda kisimani na kipande cha ukoko wa ugali wa uwele, nimekipaka chumvi, nimekifunga kwenye pindo la khanga. Sikumpiga. Alipopiga hatua moja, nikampa. Aliposimama, nami nikasimama, nikatazama pembeni kama sina shida naye. Ndivyo tulivyoanza. Mama alimshonea tandiko la gunia lililojazwa matambara ili madumu yasiguse kidonda, na kidonda chenyewe nilikiosha kwa maji ya chumvi kila jioni, yeye akitetemeka lakini hasogei. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa tu mtoto asiye na nguvu ya kufanya vinginevyo, nikaona kwamba ukitaka kitu kwa upole, unapata zaidi.

Na alikuwa na akili huyo mnyama, jamani. Mzigo wake ulikuwa madumu manne. Ukimwekea matatu, hatoki, anageuza shingo kukutazama kama unayemchelewesha. Ukijaribu kuongeza la tano, anapiga magoti. Lango letu la miti lilikuwa linafungwa kwa kitanzi cha waya, na akajifunza kukiinua kwa mdomo wa juu, polepole, halafu analisukuma lango kwa kifua. Kamba ukimfunga fundo la kawaida, ulikuwa unapoteza muda wako. Kikubwa zaidi, alijifunza kwenda peke yake. Mimi nilibaki kisimani kulinda zamu, nachota, nampakia, nabofya ulimi na kumwambia "Nyumbani," naye anaondoka, masikio mbele, anapanda ukingo wa korongo, anakata kwenye mbuga ya migunga, anafika kwetu. Mama anamshusha mzigo, anampa kipande chake cha ukoko, anamwambia "Kisimani," naye anarudi na madumu matupu yakigongana. Punda wengi wa kwetu hujua hivyo wakizoea, lakini wengine walikuwa wakitangatanga, wanakula mahindi ya watu. Sista hakuwahi kupotea njia hata siku moja.

Mwaka mvua zilipokataa, uwele ukakauka ungali mdogo, baba akamuuza. Nilitoka shule nikakuta tandiko limetundikwa ukutani. Nililia hadi mama akanipeleka ndani ili majirani wasisikie. Haikupita wiki. Nilikuwa nafagia alfajiri, nikasikia kitanzi cha waya kinalia kwenye lango, na Sista akaingia, amekonda, kipande cha kamba iliyotafunwa kinaning'inia shingoni. Akaenda moja kwa moja hadi mahali anaposhushiwa mzigo, akasimama, akasubiri ukoko wake.

Nilidhani baba atakasirika. Baba alitoka na mswaki mdomoni, akamzunguka yule punda mara mbili, akatema mate, akaanza kucheka. Siku zilipita na mwenye punda hakuja. Sasa najua kwa nini. Baba alikuwa akiwauzia watu nje ya mnada, kule kwenye vichaka kabla ya kufika, ili kukwepa ushuru, na huko hakuna karatasi. Kijiji alichokitaja kuwa ni chetu hakikuwa chetu, na jina alilolitaja halikuwa lake.

Wiki hiyo ndiyo baba alipoketi nje kwenye kigoda, akaniita. "Mama, hebu njoo hapa." Baba wengi wanawaita binti zao mama, wangu alikuwa hajawahi. Nilikuja mbio.

"Huyu mnyama umemfanyaje?"

"Nimemfundisha, baba."

"Umemfundisha nini? Nieleze vizuri. Nina nafasi."

Alikuwa na nafasi! Redio ilikuwa imezimwa. Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia asimpige, akikosea anyamaze tu asimpe kitu, akipatia ampe pale pale, maana akichelewa punda hajui anapewa kwa lipi. Nilimwambia kuhusu madumu manne na kitanzi cha waya. Baba alinisikiliza, kidevu kwenye kiganja, anaitikia "enhe" kila baada ya maneno machache.

"Sasa kwa nini amerudi? Huko si wangempa chakula?"

"Kwa sababu hapa ndipo anaposhushiwa mzigo, baba. Anajua mzigo unaisha hapa."

"Na ukoko."

"Na ukoko. Lakini hata siku ambayo ukoko haupo, anarudi."

"Hata usipokuwepo," baba akasema taratibu, kana kwamba nimemwambia jambo la kanisani. Jumamosi iliyofuata aliniletea pakiti nzima ya chumvi kutoka dukani. "Ya rafiki yako. Mpe sana anaporudi." Niliificha ile pakiti chini ya kitanda kama dhahabu. Ilikuwa zawadi ya kwanza ambayo baba yangu aliwahi kuninunulia, na nikaamini kwamba hatimaye ameniona.

Siku ambayo Sista aliondoka tena, sikulia. Baba alikuwa ameniambia kwamba anamwazimisha. Kuna watu wa vijiji vya mbali, alisema, hawana punda wala maji, tunawasaidia, kazi ikiisha anarudi mwenyewe kwa vile nimemfundisha vizuri. Sista alirudi. Akaondoka tena kwa watu wengine, akarudi tena, safari hii na jeraha la kamba kwenye mguu wa nyuma. Kila aliporudi nilimwosha, nikampa chumvi ya baba, nikamsifu. Kwenye kipindi cha dini nilisimama darasani nikaeleza jinsi familia yetu inavyowasaidia maskini kwa punda wetu. Mwalimu akawaambia wenzangu wanipigie makofi. Nikikumbuka makofi yale mpaka leo masikio yananiwaka.

Mama alikuwa anajua. Nilipokuwa nikimsimulia habari za kuwasaidia maskini, alikuwa akigeuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Halafu akaja yule mama. Nilikuwa kisimani, Sista amesimama pembeni yangu anasubiri dumu la nne, nikaona mwanamke mgeni anashuka ukingo wa korongo na dumu tupu mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa wa rika la mama yangu. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," watu wakaitikia, halafu macho yake yakatua kwa Sista na kuganda hapo hapo. Sista akainua masikio. Akamsogelea yule mwanamke, akamnusa kwapani, akatulia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu punda ni wa nani?"

"Wetu. Wewe ndiye uliyemwazima?" Nilifurahi kweli. Nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja katika maskini wetu. "Kazi yako iliisha?"

"Nani kakuambia nilimwazima?"

"Baba."

"Mimi nilimnunua, mwanangu. Niliuza mbuzi wangu wote nikamnunua. Nimeamka asubuhi, kamba ipo, punda hayupo. Nimefuata nyayo, nimeuliza kijiji hadi kijiji." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameweka kiganja shingoni mwa Sista, pale pale nilipozoea kukiweka mimi. "Alikuwa hali majani ya kwetu. Nikawa namkatia ya mbali."

Wanawake wa kisimani, kila mmoja alikuwa anakiangalia kibuyu chake. Mimi nilijua baba yangu hawezi kudanganya, kwa hiyo huyu mama amekosea tu, hakuelewa maneno ya baba. Lakini nilimwonea huruma kwa ile miguu yake ya vumbi. Alisema hatamchukua punda kwa nguvu kutoka kwa mtoto. Atakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, waje wote nyumbani asubuhi, mambo yaishe mbele ya watu. Laiti angemchukua. Mara nyingi nimekaa nikamgombeza yule mama kichwani mwangu kwa ustaarabu wake. Angemshika tu kamba akaondoka naye, nani angemzuia?

Nilifika nyumbani nikamweleza baba yote, nikiwa na uhakika kwamba atacheka na kusema huyo mama atapewa punda, amalize shida yake. Baba hakucheka. Akauliza kama mwenyekiti ameshaambiwa. Akavaa viatu, akatoka. Kabla jua halijazama akarudi, akasema, "Mama, mfunge Sista kamba tuondoke. Umesema kweli, yule mama ana shida. Tunampelekea punda wake leo leo."

"Kwa miguu?"

"Kuna lori barabarani. Litampitisha."

Moyo wangu ulijaa. Niliona kumbe nimemsemea yule mama mpaka baba akasikia. Nilichukua ukoko wote uliokuwepo, pamoja na chumvi iliyobaki, nikaenda na Sista hadi barabarani, baba ametangulia. Mama alisimama mlangoni.

Lori lilikuwa la mbao ndefu ubavuni, na ndani yake kulikuwa na punda wengi, wamebanana hata huwezi kujua mguu ni wa nani. Wengine walikuwa bado chini. Vijana wawili walikuwa wakiwapiga kwa mipira ya maji ili wapande kwenye ubao ulioegemezwa nyuma ya lori, na punda walikuwa wamekaza miguu, wanatoa mavi kwa hofu, hawapandi. Sista alisimama mbali. Masikio yake yalilala nyuma, pua zikapanuka. Kijana mmoja akaja na mpira, nikasimama katikati.

"Msimpige," nikasema. "Msimpige, nitampandisha mimi."

Wakamtazama baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. "Mwacheni. Huyo binti ni fundi."

Nilipanda ubao kwanza, nikageuka, nikabofya ulimi. Hakuja. Nilikaa kimya, nikatazama pembeni kama sina shida naye, kama siku ile ya kwanza. Akaweka kwato moja kwenye ubao. Nikampa ukoko. Akaweka ya pili. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, nami nikamwambia yale niliyozoea kumwambia, kwamba asiogope, anakwenda kufanya kazi, akimaliza atarudi. Akapanda. Na wale punda waliokuwa chini, walipomwona mwenzao amepanda bila kupigwa, wakaacha kukaza miguu, wakaanza kumfuata, mmoja baada ya mwingine. Vijana wa lori wakashangaa, wakacheka. Mmoja akaniambia, "Dada, tukuajiri." Nikaona fahari. Naliandika neno hilo kwa sababu ni la kweli, niliona fahari.

Asubuhi yule mama alikuja na mwenyekiti. Baba aliwapa vigoda, akaagiza wapewe uji. Alisikiliza malalamiko hadi mwisho, kidevu kwenye kiganja, anaitikia "enhe". Kisha akasema, "Punda yupi?"

Mwenyekiti akasema punda huyo alionekana kisimani jana. Baba akasema punda wa kijivu ni wengi, nchi hii imejaa punda wa kijivu. Kama yupo nyumbani kwake, watazame zizini. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la uji, sielewi. Nikasema, "Lakini baba, si tumempeleka kwake jana? Mama, hajafika? Lori halijafika kwako?"

Mwenyekiti aliinamisha kichwa akaanza kuchora chini kwa fimbo yake. Nilimgeukia yule mama kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinitazama.

"Lori la mbao ndefu?" akaniuliza.

"Ndiyo. Lina punda wengi."

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba hata sasa siwezi kuivumilia, "lile lori halimpelekei mtu punda. Wanakwenda kuwachinja. Wanataka ngozi."

Nilisikia, sikusikia. Nilikuwa najua kwamba ng'ombe anachinjwa, mbuzi anachinjwa. Punda hakuna aliyemla kwetu, kwa hiyo hakuna aliyemchinja. Kwamba mtu anaweza kumuua punda kwa ajili ya kile kilichomfunika nje, ngozi ile ile niliyoiosha kidonda hadi ikafunga, lilikuwa jambo ambalo kichwa changu hakikuwa na mahali pa kuliweka. Nilimtazama baba ili akatae. Baba alikuwa anapuliza uji.

Waliyamaliza kienyeji, kama mambo ya namna hiyo yanavyomalizwa pale mwenyekiti anapokuwa mnywaji na mtuhumiwa anapokuwa mnunuzi wa pombe. Yule mama alipewa jogoo. Alimtazama jogoo, akamwacha pale pale amefungwa miguu, akajitwisha dumu lake lililojaa maji ya korongo letu, akaondoka kwa miguu kurudi kwao. Sikuwahi kulijua jina lake.

Mchana nilimkuta mama nyuma ya nyumba anapeta. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Aliendelea kupeta kidogo, akasema, "Ulikuwa umempata baba yako. Nilikuona unavyokimbia akikuita. Ningekuambia, ungebaki na nani?"

Watu wa maombi hapa mjini, nikiwagusia habari hii, hukimbilia kuniambia nijisamehe. Wananichosha. Sina la kujisamehe. Nilikuwa mtoto, niliambiwa uongo na mtu mzima ambaye ndiye aliyenizaa, nikaamini, kama Sista alivyoniamini mimi. Kinachoniuma si kwamba nilikosea. Kinachoniuma ni kwamba sikukosea popote. Nilifanya kila kitu vizuri, kwa upole, kwa subira, kila hatua ilivyotakiwa, na uzuri wenyewe ndio uliopanda ule ubao. Punda anayepigwa angegoma, na pengine jioni ingeingia wakamwacha. Wa kwangu alikuwa ameshafundishwa kwamba mkono wa binadamu haudhuru.

Mvua ziliporudi, baba alileta punda mwingine, dume dogo la hudhurungi, bado halijui mzigo. Akaniita tena "mama". Akaniwekea pakiti ya chumvi mkononi na kusema, "Mfundishe kama yule."

Nikasema, "Sawa, baba."

Nikamfundisha. Baba alikuwa na mluzi wake wa kuitia mifugo, wa vidole viwili, unaanza chini unapanda na kukatika ghafla. Nilifanya mazoezi porini mpaka nikauweza kama yeye. Nyuma ya mashamba yetu kuna majabali, na huko nikawa naweka pumba zilizotiwa chumvi kabla ya kumtoa punda. Kisha nasimama karibu na nyumba baba akiwa hayupo, napiga mluzi wake, namgeuza punda aelekee majabalini, na akifika anakuta karamu. Mara za mwanzo nilimwongoza. Baadaye sikuwa na haja. Akisikia mluzi ule tu, anageuza mgongo na kwenda. Kwangu na kwa mama alikuja kwa kubofya ulimi, akachukua madumu yake kisimani kama kawaida, akarudi. Kwa mluzi wa baba alikuwa anaondoka. Sikumpiga hata siku moja.

Siku ya mnada baba alivaa koti lake, akasimama langoni, akaweka vidole mdomoni. Punda alikuwa anakula majani karibu na zizi. Aliinua kichwa, akageuka, akaenda zake. Baba akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Punda akaanza kukimbia. Majirani walicheka. Mnada uliofuata ikawa hivyo hivyo, baba akamfukuza hadi viatu vikajaa miiba, na alipofika majabalini punda alikuwa juu, pasipofikika. "Hili ni jinga," baba akasema. "Halina akili kama lile."

Mara ya tatu hakumfukuza. Alisimama langoni, akanitazama mimi niliyekuwa nafua.

"Mwite wewe."

"Hanisikii, baba."

"Mwite."

Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa na povu. Ningeweza kubofya ulimi, punda akaja, mambo yakaisha kama yalivyoisha mwanzo. Niliweka vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi wa baba yangu, tangu chini hadi pale unapokatika. Punda akaondoka mbio kuelekea majabalini.

Dalali anayajua mambo ya namna hiyo kuliko mtu mwingine, na nilimwona usoni akiyapanga, moja baada ya jingine, hadi akafika. Nilisubiri kofi. Nililitaka. Kwa kofi lile ningejua kwamba yeye yuko upande wake na mimi wangu, na hatutachanganyikana tena.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka mama akatoka ndani kutazama. Akaja akasimama mbele yangu, akaniwekea kiganja kichwani, akaniambia kwa sauti ya mtu anayejivunia mali yake, "Mama, wewe ni wangu kabisa. Akili hiyo hukuitoa kwingine."

Kiganja chake kilikuwa na joto. Nilikuwa nimekitamani tangu nijijue. Nilimchukia pale niliposimama, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na sikutoa kichwa changu chini ya mkono wake.